Utamaduni wa idara ya sheria haujengwi kwa fulana

Leo naacha kidogo habari za seva na programu huria nizungumzie watu ambao wengi wenu mtasema hawanihusu: mawakili. Sizungumzii wale wa kortini wenye majoho. Nazungumzia walioajiriwa na kampuni, wanaoshinda ofisini wakisoma mikataba asubuhi hadi jioni. Kampuni ikikua na kufungua ofisi Kampala, Dar es Salaam na Kigali, mawakili hawa nao hutawanyika. Watano hapa, wawili kule, mmoja peke yake mahali fulani akiandikiana barua pepe na watu ambao hajui hata sura zao. Halafu siku moja mkubwa fulani anaamka na kutangaza: tunahitaji utamaduni mmoja.

Na hapo ndipo ninapokasirika, kwa maana kinachofuata nakijua kama ninavyojua nywila yangu. Yanaandikwa maadili matano, yote yakianza kwa herufi moja. Zinachapishwa fulana. Unapangwa mkutano wa video kila Jumatatu saa mbili asubuhi, saa za Nairobi bila shaka, na hakuna anayekumbuka kwamba Kigali wakati huo ni saa moja. Wa Kigali wananyamaza kwa usingizi, wa Dar mtandao unawakatikia, wa Nairobi wanaongea. Mwisho tunaambiwa sisi sasa ni familia moja. Jameni, ni familia gani hii ambayo mtoto akiungua jikoni, walio sebuleni wanaisoma habari hiyo gazetini?

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka kuendelea aende zake. Ukitaka kujua kama idara ya sheria iliyotawanyika ina utamaduni mmoja, usiwaulize watu wanajisikiaje. Fuata habari moja mbaya. Angalia ilianzia ofisi gani, ikapita kwa nani, ilikaa wapi, na ilimfikia lini mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua. Njia hiyo ndiyo utamaduni wao. Mengine yote ni mapambo.

Mfano ninaoutumia hautoki hapa kwetu. Unatoka Marekani, na nimeuchagua kwa kuwa uchafu wote ulianikwa hadharani. Februari 2014 kampuni ya General Motors ilianza kuyaita magari yake, Chevrolet Cobalt na ndugu zake, yarudi kurekebishwa. Hesabu ilifika takriban magari milioni 2.6. Kasoro ilikuwa kwenye swichi ya kuwashia gari, ambayo ilikuwa legevu kupita kiasi. Funguo zikiwa nzito, au goti la dereva likiigusa, inarudi nyuma yenyewe. Injini inazimika gari likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito, na baya kuliko yote, mifuko ya hewa ya kumkinga dereva haifunguki. Gari likigonga, limegonga. Mfuko wa fidia uliosimamiwa na wakili Kenneth Feinberg uliishia kukubali madai ya vifo 124. Mwaka 2015 GM ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 900.

Sasa utaniuliza, swichi si kazi ya wahandisi? Mawakili wanaingiaje? Wanaingia kwa sababu familia zilishtaki. Kwa miaka kadhaa madai yalikuwa yakifika kwa mawakili wa GM moja moja, yakijadiliwa kwenye kamati na kumalizwa nje ya mahakama. Kila kesi na faili yake, kila faili na wakili wake. Mawakili wa nje walioajiriwa kusaidia waliwaonya kwamba kampuni inaweza kutozwa fidia ya adhabu. Pamoja na hayo, mkuu wa idara yote ya sheria, Michael Millikin, alikuja kujua habari za swichi hiyo Februari 2014, mwezi ule ule magari yalipoanza kuitwa. Faili zilikuwa chini ya paa lake muda wote.

Haya si maneno yangu. Kampuni ilimwajiri Anton Valukas, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu huko Chicago, achunguze. Timu yake ilihoji watu zaidi ya 200, na ripoti ya kurasa zaidi ya 300 ikatolewa hadharani Juni 2014. Wafanyakazi 15 walifutwa kazi, wakiwemo mawakili kadhaa. Nimeisoma ripoti ile, nikirudia baadhi ya kurasa, na nakuambia inamtisha mtu wa programu kuliko hadithi yoyote ya mazimwi.

Chukua jambo la kibali. Kesi iliyohitaji idhini ya mkuu wa idara ni ile ambayo malipo yake yangezidi dola milioni 5. Chini ya hapo kamati zilimaliza zenyewe. Kwa karani wa fedha mpango huu ni mzuri. Lakini wewe unayetunza seva unajua ninachotaka kusema. Kengele imefungwa kwenye bei, haikufungwa kwenye muundo wa tatizo. Kesi kumi za aina moja, zenye gari moja na mfuko wa hewa uleule usiofunguka, zote zinapita chini ya kengele bila kuigusa, na bosi analala usingizi mnono akiamini kimya maana yake ni amani. Kesi ya muuguzi mmoja wa jimbo la Georgia aliyekufa mwaka 2010 ilimalizwa 2013 bila kuivuka hiyo milioni 5. Hiyo ndiyo kesi iliyofumbua kila kitu, na aliyefumbua hakuwa wakili wa GM. Alikuwa mhandisi aliyeajiriwa na upande wa familia.

Na alifumbuaje? Hapa ndipo nilipoinuka kitini. Mhandisi huyo alilinganisha swichi ya gari lile na swichi mpya iliyonunuliwa dukani. Namba ya kipuri ilikuwa ile ile. Kipuri chenyewe kilikuwa tofauti. Mwaka 2006 mtu ndani ya GM aliidhinisha swichi ikazwe, na namba ikaachwa kama ilivyokuwa. Ndugu zangu waandika programu, fikirieni mtu anafungua msimbo, anairekebisha kasoro kubwa, kisha analiacha toleo na namba ile ile bila hata mstari mmoja wa maelezo. Wachunguzi wa ndani ya kampuni waliona kwamba magari ya miaka ya nyuma yanaua na ya karibuni hayana shida, wakashindwa kuelewa ni kwa nini, kwa maana karatasi zote zilisema swichi ni moja. Miaka ikapita hivyo, na watu wakiendelea kuendesha.

Usidhani mawakili hawana vipuri vyao. Vipuri vyao ni violezo vya mikataba. Ingia kwenye tarakilishi ya wakili yeyote wa kampuni utakuta Mkataba_mpya.doc, Mkataba_mpya_wa_mwisho.doc, na Mkataba_mwisho_kabisa_TUMIA_HUU.doc. Ofisi moja imebadilisha kifungu cha dhima baada ya kuumizwa, ofisi nyingine inaendelea na kile cha zamani, na vyote viwili vinaitwa "mkataba wetu wa kawaida". Mnatofautiana nini na ile swichi?

Lililonikaa zaidi kwenye ripoti ni mambo mawili yenye majina ya mzaha. Kulikuwa na kile walichokiita kutikisa kichwa kwa GM: mnakaa mkutanoni, mpango unakubaliwa, kila mtu anatikisa kichwa, mnatoka, na hakuna anayekusudia kufanya chochote. Na kulikuwa na saluti ya GM: mikono imekunjwa kifuani, vidole vikielekezwa kwa wengine, maana yake kazi hiyo ni ya fulani. Tena baadhi ya wafanyakazi walisema hawakuandika kumbukumbu kwenye mikutano ya usalama kwa sababu waliamini mawakili hawataki. Wachunguzi hawakumpata wakili yeyote aliyetoa amri hiyo waziwazi. Amri isiyo na mwenyewe, na kila mtu anaitii! Nadhani huo ndio utamaduni mmoja, tena imara kabisa. Kama umoja peke yake ndio unaotafutwa, GM walikuwa nao tele.

Juu ya hayo, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilianika slaidi za mafunzo za mwaka 2008 zilizowapa wafanyakazi orodha ya maneno 69 ya kuepuka wanapoandika. Usiandike "kasoro", sema kifaa hakifanyi kazi kama kilivyobuniwa. Usiandike "tatizo", sema "suala". Walikumbuka hata kukataza kulitaja jina la Titanic. Mtu aliyefundishwa hivyo akitaka kupiga kelele atapigia kwa lugha gani?

Na mwanzilishi wa semina za umoja asiniambie kwamba hayo yalitokana na umbali. Makao makuu yalikuwa Detroit, na kituo cha wahandisi kiko Warren, kitongoji cha jirani. Ni mwendo wa gari usiofika hata saa moja. Walikuwa wakipishana kwenye lifti. Kama watu wa mji mmoja walishindwa kuambiana kwamba gari linaua, video ya Jumatatu itawasaidia nini waliotenganishwa na mipaka mitatu?

Narudi nyumbani. Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwenye jarida la Datamation jambo ambalo sisi wa tarakilishi tunalirudia hadi leo: shirika likibuni mfumo, mfumo huo hutoka na umbo la mawasiliano ya shirika lenyewe. Timu nne zisizoongea hutoa programu ya vipande vinne visivyoongea. Mimi naongeza kwamba jambo hilo linakwenda pande zote mbili. Wape mawakili mfumo wenye vyumba vinne vilivyofungwa, na baada ya miaka miwili utakuwa na makabila manne, hata uwavalishe fulana za rangi moja.

Nasema hivi kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Kampuni moja, ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa hundi yao ndiyo inayolipa kodi yangu ya nyumba :-), iliniomba niwatengenezee mfumo wa kutunza mikataba wa idara yao ya sheria yenye ofisi katika nchi nne. Hati ya mahitaji ilianza kwa mbwembwe. Lengo: kujenga utamaduni mmoja. Ukurasa wa kwanza wa mfumo uwe na maadili ya idara, picha za wote, na siku za kuzaliwa. Nikasoma nikafika katikati, nikakuta sharti dogo lisilo na mbwembwe yoyote: mtumiaji wa ofisi moja asiweze kutafuta wala kuona mikataba ya ofisi nyingine. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa, usalama. Usalama dhidi ya nani? Kimya.

Yaani wakili wa Kampala anaweza kujua wakili wa Dar alizaliwa lini, ila hawezi kujua alisaini nini.

Nikiwa nahamisha data ya zamani (na aliyehamisha data huona kila kitu, hilo mkubwa yeyote alikumbuke) nikakutana na muuzaji mmoja wa huduma mara mbili. Mkataba wa Nairobi ulikuwa na kifungu cha kujirefusha wenyewe: usipotoa notisi siku 90 kabla ya mwisho, umejifunga tena miaka mitatu. Nairobi walichelewa kutoa notisi, wakagombana na muuzaji, wakalipa, wakaapa kutosaini tena kitu kama hicho. Barua zote zimo kwenye faili. Miezi michache baadaye Kampala wakasaini kifungu kile kile, neno kwa neno, na muuzaji yule yule. Wakili wa Kampala hakuwa mzembe. Somo lililonunuliwa kwa pesa za kampuni yake lilikuwa nyuma ya ukuta, na mimi ndiye niliyekuwa nalipwa niuimarishe ukuta huo.

Pesa si kitu, mtasema, kampuni zina pesa. Basi tuzungumze data ya watu, yenu na yangu. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu kweli, kampuni ina saa 72 za kumjulisha Kamishna tangu ijue. Uganda nao wana sheria yao ya 2019, nayo inasema ujulishe mara moja. Rwanda, kwa sheria ya Oktoba 2021, ni saa 48. Sasa weka wateja wa nchi zote tatu kwenye hifadhidata moja, seva moja, kama kampuni nyingi zinavyofanya kwa kuwa ni rahisi. Ijumaa jioni kijana wa seva anagundua mtu ameingia na kubeba namba za simu na vitambulisho. Anampigia wakili anayemjua, wa Nairobi. Wakili anahesabu kwa kichwa, saa 72, tuna mpaka Jumatatu jioni, tuandae barua nzuri. Jumapili jioni muda wa Kigali umekwisha. Kampala walipaswa kuambiwa Ijumaa ile ile. Na wakili wa Kigali, ambaye sheria hiyo anaijua usingizini, yuko nyumbani na watoto wake, kwa sababu mfumo haukumwambia chochote. Jumatatu ataonekana kwenye video, amevaa fulana.

Huyo wa Nairobi simwiti mtu mbaya. Nasema tu kwamba "utamaduni mmoja" kwenye kampuni zetu mara nyingi ni utamaduni wa Nairobi uliotumwa kwa barua pepe. Tuseme ukweli, sisi Wakenya tuna tabia hiyo. Tunaandika "Nitumie mkataba kabla ya saa kumi", bila salamu, tukidhani tunachapa kazi. Mwenzetu wa Dar anaisoma akijiuliza amemkosea nini huyu, maana kwao hata kijana akimwandikia mkubwa wake huanza na shikamoo, akaulizia hali, ndipo aseme shida yake. Hapo hakuna aliyekosea. Na sheria yenyewe inatofautiana. Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, hata kama Kiingereza bado kina nafasi pale haki inapokihitaji. Kongo, iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, mikataba yao ni ya Kifaransa na mfumo wa sheria wa Kibelgiji, tena wamo kwenye OHADA tangu 2012. Ukiwalazimisha wote wafikiri kama wakili aliyesomea Nairobi, utapata utiifu wa kutikisa kichwa. Tulishaona ulikofikisha watu.

Sasa mawakili mnaosoma hapa najua mnaninyooshea kidole. Mtaniambia, kijana, hii si programu huria, mambo ya wakili na mteja ni siri, na kila kilichoandikwa kinaweza kuletwa mahakamani. Hoja hiyo naiheshimu kuliko nyingine zote, kwa kuwa ina ukweli. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1981 katika kesi ya Upjohn kwamba mazungumzo ya wafanyakazi na wakili wa kampuni yanaweza kulindwa kama siri. Ulaya mambo ni mengine. Maafisa wa ushindani walipekua ofisi za Akzo Nobel huko Uingereza mwaka 2003 na kuchukua barua pepe kati ya meneja na wakili wa ndani wa kampuni. Mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema barua hizo hazina kinga katika uchunguzi wa aina hiyo, kwani wakili aliyeajiriwa si huru na mwajiri wake, hata kama ni mwanachama wa chama cha mawakili. Barua pepe ile ile ina kinga upande mmoja wa bahari, upande wa pili haina.

Lakini hebu soma mfano huo vizuri. Hatari ya Akzo ilitoka nje, kwa wapekuzi. Ukuta kati ya mawakili wa nchi mbili ndani ya kampuni moja haumzuii mpekuzi aliyekuja na kibali. Unamzuia mwenzako tu. Zaidi ya hayo, ukitaka watu wajue barua gani ina kinga wapi, ndipo unapohitaji zaidi mahali pamoja palipoandikwa hivyo. Inueni ukuta wa nje hadi mawinguni, mimi nitawajengea. Ndani, milango iwe wazi, na pale inapobidi ifungwe (kesi ya mfanyakazi, kampuni inayotaka kununuliwa, wateja wanaogongana) basi kufuli liwe na jina la aliyelifunga, sababu yake, na tarehe ya kulifungua. Kufuli lisilo na tarehe ni saluti ile ile ya kukunja mikono.

Na msiniambie watu waliotawanyika hawawezi. Mradi wa Debian ulianza 1993. Watu wake wako mabara yote, wengi hawajawahi kushikana mikono, hakuna mshahara, na wakigombana wanagombana kweli kweli, ukitaka maneno makali kasoma kumbukumbu zao. Lakini mkataba wao wa kijamii wa 1997 una ahadi ambayo sijaiona kwenye fulana yoyote: kwamba hawataficha matatizo, na orodha yao ya kasoro itakuwa wazi kwa kila mtu wakati wote. Wanaotengeneza kiini cha Linux wanatumia Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na humo kila badiliko lina jina la aliyelifanya, tarehe, na maelezo ya kwa nini. Mgeni akija leo kutoka Mombasa au Bujumbura, anasoma miaka ishirini ya sababu. Anajua hapa tunafanyaje kabla hajaambiwa karibu. Wakili mpya wa ofisi ya Dar anapewa nini siku ya kwanza? Fulana, na faili inayoitwa TUMIA_HUU.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo, na hakihitaji mshauri wa kutoka ng'ambo. Kiolezo kikibadilika, namba ibadilike na sababu iandikwe. Kesi au ugomvi wowote uingie kwenye rejista moja siku hiyo hiyo, hata kama ni wa shilingi elfu kumi, na mashine ipange kwa muuzaji, kwa kifungu, kwa bidhaa, ili ya tatu ya aina moja imwamshe mtu hata kama zote ni ndogo. Saa za kila nchi za kutoa taarifa ziwe ndani ya mfumo, zisiwe kichwani mwa mtu, na uvujaji ukiripotiwa popote mawakili wote walioguswa wapate ujumbe dakika ile ile. Na neno baya liruhusiwe. Mtu aandike "hii ni kasoro" kwa Kiswahili, Kiingereza au Kinyarwanda, asiulizwe kwa nini hakuandika "suala". Salamu, lugha, chakula cha mchana, nani anaanza mkutano kwa maombi na nani kwa ajenda, hayo waachieni wenyewe.

Kwenye mfumo wangu kichujio kile cha ofisi ni mstari mmoja wa msimbo. Nimewaandikia mara mbili, kwa barua rasmi, nikiambatisha ile mikataba miwili ya muuzaji mmoja na hesabu ya saa za Kigali. Kuufuta na kuujaribu ni kazi ya asubuhi moja, na nimeahidi sitatoza hata shilingi. Jibu lilikuja juzi, la adabu sana, likisema hoja ni nzuri na itawekwa kwenye ajenda ya semina ya kujenga umoja wa idara, Naivasha, mwezi ujao. Waliniuliza pia fulana yangu iwe saizi gani.